Soroveya Apata Msaidizi

Jumatatu, 14 Julai

Aibu. Aibu tupu! Naandika haya nyuma ya kitabu changu cha vipimo kwa sababu leo hakuna mtu mwingine anayetaka kunisikiliza.

Jumamosi nilikuwa na miadi mitatu, yote saa nne asubuhi. Kikao cha mazishi kanisani. Ndugu wawili wa Kiritiri wanaogombania mpaka wa shamba. Na safari ya Muthara, kwa Mzee Thuranira, kumposa binti yake, Mwalimu Kathure, ninayempenda kuliko kitu chochote nilichowahi kupima. Wote niliwaambia nitafika. Na nilipokuwa nawaambia nilimaanisha kabisa.

Nikaenda Kiritiri. Kwa nini Kiritiri? Kwa sababu wao ndio waliopiga simu mwisho. Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Kumbe kila ndugu ana panga, na mama yao amekalia jiwe la mpaka, hataki kuinuka mpaka aletewe chai.

Wakati huo Baba Mdogo Murithi, ndugu wa marehemu baba, ananingoja Meru mjini pamoja na wazee wanne. Wamevaa makoti. Wamebeba kitita cha miraa ya heshima, kimefungwa vizuri kwa majani ya mgomba, kwa maana huko Muthara huwezi kwenda kuomba binti mikono mitupu. Walikaa hapo tangu saa moja asubuhi. Saa nane mchana wakaanza kuitafuna wenyewe. Posa yangu imeliwa na upande wangu!

Na hii ni mara ya pili. Aprili nilikosa kwa sababu ya vipimo vya Ishiara. Leo Kathure ametuma ujumbe, bila hata salamu. Baba yake amesema Jumamosi ya tarehe 26 ndiyo ya mwisho. Nisipoonekana, nitafute soroveya mwenzangu nimuoe.

Nimesimama dirishani kutafakari. Ng'ambo ya barabara ni ofisi ya Wakili Riungu. Tulisoma darasa moja. Yeye alikuwa wa nne, mimi wa tano, na hajawahi kusahau. Nimeona watu sita wamefika kwake, na wote sita wamepokewa mlangoni na msaidizi wake, wakaandikwa, wakaketishwa. Riungu mwenyewe alikuwa ndani anakula chungwa. Nimemwona kwa macho yangu!

Hapo ndipo nilipoelewa. Shida yangu si tabia. Shida yangu ni kukosa msaidizi.


Jumanne, 15 Julai

Jana jioni nilibandika tangazo mlangoni mwa bucha iliyo chini ya ofisi yangu hapa Majengo. "Anatafutwa Msaidizi Mkuu wa Mkurugenzi Mtendaji, Kampuni ya Kailemia na Washirika." Mkurugenzi ni mimi. Washirika bado natafuta.

Wa kwanza kuja alikuwa amefuata nyama. Wa pili ni mama mmoja wa miaka hamsini na sita, sweta ya kijivu, miwani ya kamba, mkoba mzito. Madam Eunice Igoki. Kwao ni Kiritiri, lakini ameishi Meru miaka mingi, na alikuwa karani wa shule ya wasichana kwa miaka ishirini na saba kabla ya kustaafu. Nilikuwa nimeandaa maswali kumi. Sikuuliza hata moja. Aliniuliza yeye.

Aliuliza kalenda yangu iko wapi. Nikamwonyesha kichwa changu. Akauliza kama nataka mtu wa kunisaidia kufanya kazi, au mtu wa kunisaidia kuonekana nina kazi. Nikasema vyote viwili, hasa cha pili. Akanitazama muda mrefu, kama anayesoma barua ya mzazi asiyetaka kulipa karo. Akasema, "Soroveya, mimi nimefanya na walimu wakuu saba. Kila mtu alikuwa anasema ako na kazi mingi. Wawili pekee ndio walikuwa nayo."

Ana sharti moja. Ofisi iwe na daftari moja tu la miadi, likae kwake, na kila ninachoahidi kiingie humo siku hiyo hiyo. Nikakubali. Hiki kitabu cha vipimo sikukitaja. Hiki si daftari, hiki ni roho yangu.


Jumatano, 16 Julai

Raha iliyoje! Najiuliza niliishi vipi.

Saa mbili asubuhi ofisi imefagiwa. Saa tatu Madam Eunice amepata ramani ya Ishiara niliyoitafuta miaka miwili. Ilikuwa chini ya chupa ya chai. Saa nne amewapigia ndugu wa Kiritiri na kuwaambia soroveya hapimi shamba lenye panga. Wayaache mapanga kwa chifu, halafu waje na mama yao tarehe 30. Wamekubali! Mimi wamenisumbua tangu Februari.

Sasa naelewa kwa nini wataalamu wote wakubwa wana msaidizi. Kichwa cha mtaalamu hakikuumbwa kukumbuka nani anakuja lini. Kiliumbwa kufikiri. Daktari hashiki simu huku anashona mgonjwa. Rubani hapiki chai. Na mimi nikiachiwa muda wa kufikiri, sijui nitafika wapi.

Nilikaa nikafikiri. Ilikuwa kama saa nzima. Sikufikia kitu, lakini nilikaa vizuri.

Mchana nilivuka barabara kumjulisha Riungu kwamba kuanzia leo, akinihitaji, msaidizi wake awasiliane na msaidizi wangu. Riungu akauliza tangu lini yeye amewahi kunihitaji. Wivu.


Alhamisi, 17 Julai

Mpango mkubwa leo. Kama msaidizi anaweza kupokea watu kwa niaba yangu, basi anaweza pia kwenda kwa watu kwa niaba yangu. Sijui kwa nini Riungu hajafikiria hili.

Asubuhi nikamtuma Madam Eunice kwenye kikao cha mazishi. Alisema kikao cha mazishi mtu huenda mwenyewe, maana siku moja watu watakaa kikao chake. Nikasema niko kwenye mkutano. Akaenda. Mkutano ulikuwa baina yangu na sahani ya mukimo kwenye hoteli ya nyuma ya soko. Alirudi ameshachaguliwa katibu wa kikao. Mimi nimo kwenye kikao hicho tangu mwezi wa sita na hata kiti sijapewa.

Mchana nikaona sasa nimtume kwa jambo zito. Nikamwagiza aende shuleni kwa Kathure amwombe radhi. Nilimwandikia na maneno: kwamba Mkurugenzi anasikitika, kwamba ratiba ilibana, kwamba anathamini sana uhusiano huu. Madam Eunice alisoma karatasi, akavua miwani, akaifuta. Akauliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Akauliza tena. Nikasema mimi ndiye bosi.

Alirudi saa kumi na moja. Walikunywa chai kwa muda wa saa mbili na nusu! Jibu la Kathure ameliandika neno kwa neno, kama kumbukumbu za kikao: "Mwambie amenitumia mtu wa kuomba radhi, na mimi nitamtumia mtu wa kusamehe. Angoje."

Sijui nifurahi au nilie. Lakini neno "kusamehe" limo ndani. Nimelipigia mstari.


Ijumaa, 18 Julai

Saa tano mlango umegongwa. Ni Rwamba, mlinzi wa shule ya Kathure, amevaa koti la kazi na rungu mkononi. Amesimama katikati ya ofisi. Amesema ametumwa kusamehe.

Nikainuka. Nikamnyooshea mkono. Akasema, lakini si leo. Akanywa chai aliyopewa na Madam Eunice, akashukuru, akaenda zake.

Mwenye bucha alikuwa ngazini, amesikia yote. Kufikia saa sita Majengo nzima imesikia. Riungu amefungua dirisha lake ili acheke vizuri.

Nimekaa na hilo neno "ametumwa" mchana kutwa. Namjua Kathure miaka mitatu. Nilipougua homa ya matumbo alinijia kila Jumamosi na uji kwenye chupa, kilomita arobaini, na hakuwahi kunitumia mtu. Hakuwahi hata mara moja. Nimeona haya, na nakiri hapa mahali ambapo hakuna atakayesoma.

Halafu nikataka kumtumia maua. Nilimwambia Madam Eunice achague yeye, maana mimi sijui maua. Amekataa. Amesema kwanza hayo maua ningemtuma nani ayapeleke.


Jumatatu, 21 Julai

Nimetukanwa. Kwa karatasi iliyopigwa chapa, yenye mistari.

Wiki nzima Madam Eunice alikuwa akiandika muda wangu unakwenda wapi. Alisema alifanya hivyo kwa kila mwalimu mkuu mpya. Leo amenipa majibu. Kazi ya upimaji, pamoja na kuchora ramani: saa kumi na tatu kwa wiki nzima. Kuwaahidi watu mambo: saa tisa. Kuwakimbia walioahidiwa: saa kumi na nne. Kuwaeleza kwa nini sikufika: saa kumi na sita. Kutazama ofisi ya Riungu: saa tano.

Nikasema karatasi ni ya uongo. Akauliza ni mstari upi. Nikasema wa Riungu, ni saa nne. Akachukua kalamu akarekebisha.

Akasema mimi si mtu mwenye shughuli nyingi. Mimi ni mtu asiyejua kusema hapana. Mtu mwenye shughuli nyingi msaidizi anampunguzia mzigo, akapata muda wa kwenda yeye mwenyewe pale anapohitajika yeye mwenyewe. Hiyo ndiyo faida yote. Siyo kwenda kula mukimo.

Nikarudi mezani kwangu. Yeye hajui nilikotoka. Nilipomaliza chuo nilikaa miaka minne bila kazi. Simu haikulia. Nilikuwa naizima na kuiwasha nione kama imeharibika. Sasa ikilia, mdomo wangu unasema ndiyo kabla sijajua ni nani. Nikiitwa mahali nasikia joto kifuani. Basi. Si kosa la jinai.

Nimeikunja hiyo karatasi nikaiweka kwenye mfuko wa koti, isije ikaonwa na mwenye bucha.


Jumatano, 23 Julai

Bahati imebisha hodi, na mimi nimefungua.

Madam Eunice ameifunga Jumamosi yote kwa wino mwekundu: MUTHARA. Hakuna kingine. Ameshapata gari, ameshaongea na Baba Mdogo Murithi, ameshaagiza miraa itakayokatwa asubuhi hiyo hiyo. Hakuna cha mimi kufanya ila kuoga.

Sasa nikiwa barabarani, Riungu akanisimamisha. Mpole ajabu. Akasema kuna shule moja upande wa Ishiara ina siku ya zawadi Jumamosi, wanataka mgeni wa heshima, yeye ana safari. Angependa kupendekeza jina langu. Mgeni wa heshima! Kiti chenye kitambaa! Wanafunzi wanaimba jina lako! Nilisema ndiyo. Kusema kweli nilisema ndiyo alipofika kwenye neno "mgeni".

Nimepiga hesabu. Ishiara saa mbili asubuhi. Hotuba dakika kumi. Saa mbili na dakika ishirini niko barabarani. Muthara saa tano. Inawezekana kabisa, kama barabara itakuwa tupu na watoto hawatapiga makofi sana. Nimeandika hapa, kwenye kitabu cha vipimo. Kwenye daftari la Madam Eunice sikuandika. Mama wa watu amechoka, kwa nini nimsumbue.


Alhamisi, 24 Julai

Mwalimu mkuu wa Ishiara amempigia simu Madam Eunice kuuliza kama mgeni wa heshima anakula mbuzi.

Alifunga daftari. Akavaa sweta vizuri. Nikajua anaondoka, na nikashikwa na hofu ambayo sikuitarajia. Nilikuwa kama mtoto aliyeachwa sokoni. Nikaanza kueleza habari ya saa mbili na dakika ishirini. Akanyoosha kiganja, nikaacha.

Aliuliza jambo moja tu. Kama nataka kumwoa Kathure, au nataka kuitwa. Nikasema Kathure. Akaniambia niseme tena, safari hii nikimtazama machoni. Nikasema Kathure.

Basi akaandika barua nzuri, fupi, ya heshima. Soroveya anashukuru lakini siku hiyo ana jambo la nyumbani. Akanipa nitie sahihi. Hiyo ni hapana yangu ya kwanza tangu chuo, na imeandikwa na mtu mwingine.

Ajabu ni kwamba nilipomaliza nikasikia wepesi. Nikala mandazi matatu. Baadaye nikasikia kwamba Riungu hana safari yoyote. Alijua tarehe 26 ni siku yangu ya Muthara, mwenye bucha alimwambia. Nyoka!


Ijumaa, 25 Julai

Baba Mdogo Murithi amekuja ofisini kunifunda. Ametoka Nkubu na kofia yake ya manyoya.

Mafunzo yake ni mafupi. Kesho mimi nisifungue mdomo. Muoaji hasemi. Amepewa msemaji, naye ni Baba Mdogo mwenyewe, na upande wa Thuranira utasemewa na Mzee Bundi, mtu mwenye ulimi wa pilipili. Watasema hapo kwao hakuna binti. Watasema tumepotea njia. Watanitukana kwa mafumbo. Yote ni mchezo wa wazee, yanajibiwa na wazee, na mwishowe watu wanakula. Muoaji kazi yake ni kukaa kama gogo na kutazama viatu. Akisema neno moja, ametozwa faini, na amewavua nguo waliomsindikiza.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Wiki mbili hizi sijafanya lolote ila kusemewa na mtu mwingine. Nimezoea.

Alipoona daftari, orodha, asali kwenye kibuyu na makoti yaliyopigwa pasi, Baba Mdogo akaniuliza kwa sauti ya chini kama Madam Eunice ana mume. Nikamwambia anaye, ni mstaafu wa jeshi. Akasema aliuliza tu.


Jumamosi, 26 Julai, saa kumi na mbili jioni

Nimerudi. Acha nikae kwanza.

Tulifika Muthara saa tano kasoro dakika kumi. Mapema! Mimi! Akina mama wakafunga lango, wakaimba kwamba hawatujui, Baba Mdogo akawajibu, lango likafunguliwa. Tukaketishwa sebuleni. Kitita cha miraa mezani, kibichi, majani ya mgomba bado yana umande. Mzee Thuranira kwenye kiti chake, mkono kwenye bakora, hajanitazama hata mara moja. Mlango wa ndani una pazia la maua. Nyuma ya pazia, miguu. Viatu vya Kathure navijua.

Baba Mdogo akafungua. Akasema tumepotelewa na kondoo jike, na nyayo zake zimeishia kwenye boma hili. Maneno matamu. Akaeleza kijana wake ni mtu wa kazi, mtu anayetafutwa na watu wa Meru na Embu, hana hata nafasi ya kukaa. Nikatazama viatu. Gogo kabisa. Madam Eunice, aliyekaa na akina mama karibu na dirisha, akatikisa kichwa kunipongeza.

Ndipo akasimama Mzee Bundi. Akasema, kwa Kimeru kizito cha pole pole, kwamba wamesikia. Wamesikia hasa kuhusu kazi. Kijana huyu ana kazi nyingi hata posa yake mwenyewe ameikosa mara mbili. Ana kazi nyingi hata anamtuma mama wa Kiritiri kuomba radhi kwa mtoto wao. Wao ni watu wenye huruma. Punda aliyejaa mzigo haongezewi gunia. Basi wanaonelea wampumzishe. Aende amalize kazi zake zote, na wao watampeleka binti kusoma zaidi, na miaka mitatu ikipita watakumbushana.

Watu wakaguna. Baba Mdogo akatabasamu, akakohoa, akarekebisha kofia. Sasa naambiwa alikuwa na jibu zuri sana tayari. Sasa naambiwa Mzee Bundi husema hivyo kwenye kila posa, hubadilisha miaka tu.

Mimi niliona pazia limetikisika na vile viatu vimegeuka kuelekea nyuma. Anaondoka! Miaka mitatu!

Nikasimama. Sijui nani alinisimamisha. Nikapiga kelele, "Sina kazi! Wazee, mimi sina kazi!"

Baba Mdogo akashusha kofia ya manyoya mpaka puani.

Sikuweza kuacha. Nikatoa ile karatasi mfukoni. Nikawasomea. Kazi, saa kumi na tatu kwa wiki! Nyingine zote ni kuwakimbia watu! Nikasema Kiritiri sikuwa na haja ya kwenda, ningeweza kuwaambia wangoje. Nikasema niliogopa. Niliogopa kwamba nikifika kwenye nyumba hii mtaniangalia na kuona ni mtu mdogo tu mwenye ofisi juu ya bucha, kwa hiyo kila mara nilipoitwa kwingine nikaenda mbio. Nikasema muda ninao, muda ninao mwingi kupita kiasi, na wote naweza kumpa Kathure, hata wa Riungu. Halafu nikakaa. Nilikosa kiti, nikakaa chini.

Nyanya yake Kathure, ambaye hasikii vizuri, akauliza huyu amesema nini. Mtu akamwambia kwa sauti kubwa: amesema hana kazi. Nyanya akauliza sasa amekuja kuoa na nini.

Na hapo, nyuma ya pazia, nikasikia Kathure anacheka. Si kicheko kibaya. Ni kile cha Jumamosi za uji. Akaanza, hakuweza kujizuia, akina mama wakamfuata, mwishowe hata bakora ya Mzee Thuranira ilikuwa inatikisika.

Wazee wakatoka nje kushauriana. Wakarudi na hukumu. Muoaji amesema, kwa hiyo kikao kimevunjika. Faini ni kondoo dume mmoja, aliyenona, atakayeletwa na mimi mwenyewe, kwa mkono wangu mwenyewe, nikimvuta kwa kamba kutoka barabara kuu mpaka langoni ili majirani waone. Jumamosi ya tarehe 9 Agosti. Siku hiyo tutaanza upya, na mimi nitakaa kimya. Nikisema tena, nisirudi.

Lakini Mzee Thuranira akaongeza neno lake. Akasema alikuwa anaogopa kumpa binti mtu asiye na nafasi naye. Leo amesikia kwa masikio yake kwamba huyu nafasi anayo. Akanyoosha mkono, akachukua kitita cha miraa, akakiweka upande wake. Baba Mdogo alipoona posa haijakataliwa akainua kofia kidogo.

Kathure alinisindikiza mpaka langoni. Alisema katika miaka mitatu hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyomwambia ambayo sikuyapanga. Alisema hataki mkurugenzi. Anataka nije mimi, nikae, ninyamaze, nivute huyo kondoo. "Ni wewe tu nataka nione ukija," alisema. "Usinitumie mtu tena, Kailemia." Macho yaliniuma, nikasingizia vumbi.

Madam Eunice alilala ndani ya gari kutoka Muthara mpaka Meru. Nimemfunika na koti langu. Bila yeye nisingefika.


Jumatatu, 28 Julai

Nimepumzika Jumapili yote na kutafakari kwa kina. Sasa naona mambo waziwazi.

Wiki mbili hizi zimethibitisha kwamba msaidizi ni kitu cha lazima. Tazama: yote aliyofanya Madam Eunice yalikwenda sawa. Gari lilikuja. Miraa ilikuwa mbichi. Barua ya Ishiara ilieleweka. Jambo moja tu lililoharibika Muthara ni lile nililofanya mimi mwenyewe, la kukaa kimya. Na nililifanya mwenyewe kwa sababu hakuna aliyenisaidia nalo. Kosa si langu. Ni kosa la mpangilio.

Kwa hiyo nimekuja na mpango. Nina binamu yangu, Mutugi, anauza sufuria. Urefu wetu ni mmoja, mabega ni yale yale, na tukivaa kofia hata mama yangu hutuchanganya. Zaidi ya hayo Mutugi ni bubu kwa hiari. Anaweza kukaa siku nzima asiseme neno. Tarehe 9 yeye ndiye atakayevuta kondoo na kukaa kama gogo sebuleni. Ananyamaza kwa niaba yangu. Mimi nitakuwa karibu, kwenye gari, nikingoja matokeo. Hakuna hatari yoyote ya mimi kusema. Kathure atafurahi nikimweleza baadaye.

Asubuhi nimemwambia Madam Eunice aandike kwenye daftari, na akitoka hapo aende sokoni achague kondoo. Hakuandika. Alivua miwani, akaifunga kamba, akaitia ndani ya mkoba pamoja na kalamu zake, na daftari akalisukuma upande wangu wa meza. Akauliza kama huyo Mutugi ndiye atakayesimama pia kanisani.

Nikamwambia aache kunifanya mtoto. Harusi nitakwenda mwenyewe, nafasi ikipatikana.